SOMO LA UFUNDI: Tuijue Mota ya Lenzi Kabla ya Kutoa Fedha



Mwezi huu tumeona vema kuleta somo la ufundi. Katika mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni vijana wengi wanapiga picha. Wengine hufanya hivyo kwa ajili ya kumbukumbu za kanisa, na wengine wameifanya kuwa kazi ya kujipatia riziki: leo harusi Tandika, kesho ubatizo Mwananyamala, keshokutwa mahafali Mbagala. Kamera na lenzi zake ni vitu vya gharama, na mara nyingi fedha za kuvinunua si za mtu mmoja bali ni michango ya kikundi kizima. Basi yafaa tujue tunanunua nini.

1. Yaliyotupata sisi wenyewe

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Chama chetu cha vijana kilikuwa na kamera moja ya kubadilisha lenzi, ndogo na nyepesi, ya daraja la wanaoanza. Lenzi iliyokuja nayo ilitaka mwanga mwingi, kwa hiyo ndani ya kanisa picha zilitoka za giza. Tulishauriwa kutafuta lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana. Tulichanga miezi saba. Siku ya Ijumaa wawili wetu walikwenda Kariakoo wakaipata, iliyotumika lakini safi, kwa bei ambayo ilikuwa nusu ya ile waliyotajiwa kwingine. Muuzaji aliichukua kamera yetu akaiingiza lenzi, akaizungusha kidogo, ikalia “tak” ikakaa barabara. Tulilipa, tukarudi nyumbani tukishangilia.

Jumapili yake ilikuwa kipaimara. Watoto walipopiga magoti mbele ya Askofu, mpiga picha wetu alibonyeza kitufe nusu kama alivyozoea, akingoja lenzi izunguke yenyewe. Haikuzunguka. Alidhani ni betri, akaibadilisha. Bado haikuzunguka. Ibada haimngoji mtu, akaendelea kupiga hivyo hivyo akitumaini mema. Jioni tulipozitazama picha katika kompyuta, nyuso zote zilikuwa kama zimefunikwa na moshi. Kilichoonekana wazi ni vinara vya mishumaa vilivyokuwa nyuma.

Bibi mmoja alikuwa amesafiri kutoka Masasi ili amwone mjukuu wake akiwekewa mikono. Siku ya Jumanne kabla ya kupanda basi alikuja kuuliza, “Wanangu, picha yangu iko wapi?” Hatukuwa na jibu la kumpa ila pole.

Sasa angalieni. Lenzi ile haikuwa mbovu, na kamera haikuwa mbovu. Muuzaji naye hakusema uongo, maana alisema itaingia, na kweli iliingia. Sisi ndio tuliosahau kuuliza swali moja: lenzi hii itazungushwa na nani? Kuuliza si ujinga, nasi hatukuuliza. Somo hili lote ni juu ya swali hilo.

2. Jicho, akili na mkono

Ndani ya lenzi mna vioo kadhaa vilivyopangwa. Ukivisogeza mbele au nyuma, kitu kilicho umbali fulani huonekana wazi, na vya umbali mwingine hufifia. Kazi hiyo ya kuvisogeza vioo mpaka sura ionekane wazi ndiyo tunayoiita kufokasi. Zamani ilifanywa na vidole vya mpiga picha mwenyewe kwa kuzungusha pete ya lenzi.

Kamera ifokasipo yenyewe, inahitaji vitu vitatu.

Kwanza, jicho. Chini ya kioo cha ndani cha kamera kuna kifaa kinachopokea mwanga uliopita pande mbili za lenzi na kulinganisha sura mbili zilizopatikana. Zikikutana sawasawa, fokasi ni nzuri. Zikipishana, fokasi imekosa.

Pili, akili. Kompyuta ndogo ndani ya kamera hupima zimepishana kiasi gani na kwa upande upi, kisha huamua vioo visogee mbele au nyuma, na kwa kadiri gani.

Tatu, mkono, yaani mota ndogo ya umeme inayovisogeza vioo. Jicho likiona na akili ikiamua, bila mkono hakuna kitu kitakachosogea.

Kamera kubwa za kubadilisha lenzi zenye fokasi ya namna hii, hata zile za bei ya chini kabisa, zina jicho na akili ndani ya bodi. Tofauti iko katika mkono. Kuna bodi zenye mota ndani yake, na kuna zisizo nayo. Vivyo hivyo kuna lenzi zenye mota ndani yake na zisizo nayo. Ukikutanisha bodi isiyo na mota na lenzi isiyo na mota, umekutanisha watu wawili wasio na mikono na kuwataka wabebe gunia. Hilo ndilo tulilolifanya sisi.

3. Kwa nini mota iko mahali mbalimbali

Mwaka 1985 kampuni ya Minolta ya Japani ilitoa kamera iitwayo Minolta 7000 ambayo mota yake ilikuwa ndani ya bodi, nayo ilipata wanunuzi wengi. Mwaka 1986 Nikon walitoa F-501 kwa mpango kama huo. Katika mdomo wa bodi, pale lenzi inapoingia, kuna ncha ndogo kama ya bisibisi. Nyuma ya lenzi kuna skrubu yenye mfuo. Lenzi ikiingia, ncha hukaa katika mfuo, na mota ya bodi huizungusha skrubu, nayo huvisogeza vioo. Faida yake ni kwamba lenzi huwa nyepesi na rahisi kutengenezwa, maana mota moja ya bodi yatumikia lenzi zote.

Canon walichagua njia nyingine. Mwaka 1987 walipotoa EOS 650, walibadili kabisa mdomo wa kamera zao. Hawakuweka bisibisi, bali vidoto vya umeme peke yake, na kila lenzi ya kufokasi yenyewe ikapewa mota yake. Waliokuwa na lenzi za Canon za zamani, za aina ya FD, waliona hazingii vizuri tena katika kamera mpya, na wengi walisikitika. Lakini kwa sababu ya uamuzi ule, mtu mwenye Canon EOS ya leo yenye kioo hana shida ya kutafuta mota iko wapi.

Nikon hawakuubadili mdomo wao uliokuwapo tangu 1959. Walianza kutengeneza lenzi zenye mota pole pole, hasa katika miaka ya 1990, huku bodi zao zikiendelea kuwa na bisibisi. Kisha mwishoni mwa 2006 walitoa kamera ndogo ya wanaoanza, D40, nayo haikuwa na bisibisi. Iliwezekana hivyo kuifanya bodi iwe ndogo na nyepesi, maana lenzi iliyouzwa pamoja nayo ilikuwa na mota yake. Mnunuzi aliyebaki na lenzi hiyo moja hakuona upungufu wowote. Upungufu ulionekana siku alipotafuta lenzi ya pili, na kwa wengi wetu lenzi ya pili ni ya mtumba.

4. Kusoma majina

Nikon. Bodi zisizo na mota ni hizi: D40, D40x, D60, jamii yote ya D3000, yaani D3000, D3100, D3200, D3300, D3400 na D3500, na jamii ya D5000 mpaka D5600. Bodi zenye mota ni kama D50, D70, D80, D90, D7000, D7100, D7200, D7500, D610 na D750.

Kwa upande wa lenzi, tazama herufi zilizo mwanzoni mwa jina. Ikiandikwa AF peke yake, haina mota. Ikiandikwa AF-S, ina mota. Kwa mfano AF 50 mm f/1.8D haitafokasi yenyewe juu ya D3200, lakini AF-S 50 mm f/1.8G itafokasi. Kwa mtazamaji wa haraka lenzi hizi mbili ni ndugu, na herufi moja ndiyo inayozitenganisha. Sisi tuliisoma 50 na 1.8 tukasahau herufi.

Hapa pana mtego mwingine ulio kinyume cha ule wetu. Tangu 2016 ziko lenzi za AF-P. Hizi zina mota, tena nzuri na ya kimya. Lakini bodi za zamani kama D40, D60, D90, D3000 na D3100 haziwezi kuziamuru. Kwa bodi hizo hata ukizungusha pete kwa mkono hupati kitu, kwa kuwa pete ya AF-P haikushikana na vioo, bali hupeleka tu amri ya umeme kwa mota. Basi mwenye D3100 asinunue 18-55 ya AF-P iliyotolewa katika kamera mpya zaidi akidhani ni ile ile ya kwake.

Canon. Lenzi zote za EF na EF-S za kufokasi zenyewe zina mota. Shida yake ni ya namna nyingine. EF ina alama ya nukta nyekundu, na huingia katika bodi zote za EOS zenye kioo. EF-S, yenye alama ya mraba mweupe, ilianza mwaka 2003 kwa bodi zenye kipokea-picha kidogo, kama 300D na zilizofuata katika daraja hilo, mpaka 2000D na 4000D. Haiingii katika bodi kubwa kama 5D na 6D. Mtu akikusudia siku moja kupanda daraja, na akumbuke hilo.

Lenzi za kampuni nyingine. Sigma, Tamron na Tokina hutengeneza lenzi kwa ajili ya kamera za wengine, na mara nyingi lenzi moja imetoka kwa matoleo mawili. Tokina ya 11-16 mm f/2.8 kwa Nikon, toleo la kwanza halina mota, na toleo la pili linayo. Lenzi za Sigma zenye herufi HSM zina mota. Jina la kampuni peke yake halitoshi, tutazame toleo.

Kamera mpya zisizo na kioo. Nikon wanauza kiunganishi kiitwacho FTZ cha kuvalisha lenzi za zamani katika bodi za Z. Nacho hakina bisibisi, kwa hiyo lenzi za AF za skrubu hazifokasi zenyewe hapo pia. Kiunganishi cha Canon cha kuvalisha EF na EF-S katika bodi za R huendelea kufokasi, maana mota tangu awali ilikuwa ndani ya lenzi.

5. Namna ya kupima dukani

Mwende dukani na bodi yenu wenyewe. Msikubali kupimiwa kwa bodi ya muuzaji, maana huenda ya kwake ina mota na ya kwenu haina. Kisha fuateni hatua hizi:

(a) Zima kamera, toa lenzi, tazama mdomo wa bodi upande wa chini. Je, iko ncha ya bisibisi? Kama ni Nikon na ncha haipo, tafuteni AF-S tu, au AF-P iwapo bodi ni ya karibuni.

(b) Geuza lenzi utazame nyuma yake. Skrubu yenye mfuo maana yake ni lenzi ya kungoja mota ya bodi.

(c) Kabla ya kuikataa lenzi, angalia swichi ya pembeni. Ikiwa imewekwa M, haitafokasi yenyewe hata kama ina mota. Iweke A au M/A.

(d) Bonyeza kitufe nusu ukilenga kitu cha karibu, kisha cha mbali ng’ambo ya barabara, kisha cha karibu tena. Fanya hivyo mara kumi. Mota iliyochoka hufanya kazi mara tatu ikakwama ya nne.

(e) Ingia pembeni penye kivuli ujaribu tena, maana jicho la kamera nalo hutaka mwanga, na makanisa yetu mengi yana giza kidogo.

(f) Sikiliza. Mota nyingine hukwaruza kwa sauti. Kwa anayepiga picha za video sauti hiyo itasikika katikati ya sala.

(g) Mulika tochi ndani ya vioo. Hewa ya pwani ina joto na unyevu, na kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Mota nzima haifai kitu nyuma ya vioo vilivyoota kuvu.

6. Kama mmekwisha kununua

Wako watakaosoma somo hili wakati lenzi iko kabatini tayari. Msiitupe, wala msiiuze kwa hasara. Katika bodi ya D3200 na wenzake, lenzi ya AF f/1.8D bado hupima mwanga vizuri, na tundu lake huamriwa na kamera. Sharti ni moja: pete ya tundu iliyo juu ya lenzi ifungwe katika namba kubwa kabisa, yaani 22. Isipofungwa hapo, kamera itakataa kupiga na kuonyesha herufi FEE. Wengi wameiona alama hiyo wakadhani kamera imekufa.

Jambo la pili ndilo lililotuokoa sisi. Kumbuka kwamba bodi imekosa mkono tu, bali jicho na akili inavyo. Basi ukizungusha pete kwa vidole huku umebonyeza kitufe nusu, kamera inakutazamia. Chini upande wa kushoto ndani ya kidirisha cha kutazamia kuna nukta ya kijani. Ikitulia bila kupepesa, fokasi imefika pale ulipolenga. Wewe umekuwa mkono, kamera imebaki kuwa jicho.

Lakini kuna hesabu ya kukumbuka. Lenzi ya milimita 50 katika kamera hizi ndogo, ikifunguliwa mpaka f/1.8, na mtu akiwa umbali wa mita 2, sehemu iliyo wazi ni karibu sentimita 11 tu mbele na nyuma kwa jumla. Mtu akiinama kidogo amekwisha kutoka. Ukiibana mpaka f/5.6, sehemu hiyo hufika karibu sentimita 35. Kwa hiyo anayefokasi kwa mkono asikimbilie tundu pana kabisa. Ajaribu f/4 au f/5.6, alenge jicho la anayepigwa picha, na apige mara mbili tatu.

Wala tusione ni jambo la ajabu kufokasi kwa mkono. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha za watu kwa miongo mingi kabla ya mota za lenzi kuwako. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963, alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964, miaka zaidi ya ishirini kabla ya Minolta 7000. Walichokuwa nacho ni mazoezi.

Nasi tulifanya mazoezi. Kila Jumamosi baada ya kwaya tulipigana picha uani, mmoja akitembea polepole, mwingine akizungusha pete na kuifuata nukta. Wiki mbili za kwanza tuliharibu nyingi. Baadaye vidole vilijua njia. Tulipokwisha kuzoea tuliitumia lenzi ile ile katika harusi, na bwana na bibi harusi walizipokea picha zao kwa furaha.

Wakati wa Noeli yule bibi wa Masasi alikuja tena. Tulimketisha barazani pamoja na mjukuu wake, mwanga wa asubuhi ukiwa upande mmoja. Tuliweka f/4, tukalenga jicho lake, tukazungusha mpaka nukta ikatulia. Picha ile ya kipaimara haiwezi kupigwa tena, nasi tulimwambia hivyo. Aliitazama mpya kwa muda mrefu, akaifunga katika khanga, akasema, “Hii naiona.”

7. Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja vitu vitatu ambavyo kamera inahitaji ili ifokasi yenyewe. Ni kipi kinachokosekana katika bodi ya D3200?

2. Kijana ana D3100. Amepata lenzi tatu: AF 50 mm f/1.8D, AF-S 35 mm f/1.8G, na AF-P 18-55 mm. Ipi itafokasi yenyewe? Ipi itafaa kwa mkono? Ipi haifai kabisa?

3. Mwenzenu ana Canon 4000D na lenzi mbili, moja ya nukta nyekundu na moja ya mraba mweupe. Akinunua bodi ya 6D, ipi ataendelea kuitumia?

4. Kamera yaonyesha FEE. Utafanya nini kabla ya kuipeleka kwa fundi?

5. Katika kikundi chenu, fedha za pamoja zikitoka kununua kifaa, ni nani anayekwenda kupima, na anakwenda na nini mkononi?